Barua za Gudrun Zilizofika Kwalasi

Guangzhou, 10 Machi 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini binamu Jovin ameichapa barua hii kwa herufi kubwa kama nilivyomwagiza. Nimekubali tuandikiane kama unavyotaka. Kwenye simu hunisikii vizuri, nami naishia kupaza sauti mpaka bweni zima linajua habari za kwetu. Mimi nitapiga picha barua zangu, binamu atazichapa dukani kwake. Wewe andika kwa mkono, yeye atazipiga picha.

Mimi mzima. Mwezi huu unyevu umezidi hapa, kuta zinatoka jasho na nguo hazikauki hata siku nne. Masomo ya udongo yanakwenda. Jumamosi nakalimani kwa wafanyabiashara kwenye jengo la maduka la Tianxiu, napata nauli na chumvi.

Lililonifanya niandike ni hili. Muhula huu uandishi wa Kiingereza tunafundishwa na mama mmoja Mnorwe, Mwalimu Marit. Alitupa zoezi: ukurasa mmoja kuhusu jina la mahali ulipozaliwa. Nikaandika ulivyotufundisha darasa la nne, kwamba Kwalasi ni Kwa Lasi, na Lasi ni Lars, mzungu aliyekuja na familia saba kutoka Norwe kulima kwetu. Kipindi kilipokwisha akaniambia nibaki. Alikuwa ameishika karatasi yangu kwa mikono miwili.

"Huyo Lars, jina la ukoo wake unalijua?"

"Sandvik," nikasema. "Limechongwa kwenye makaburi sita."

Akakaa chini. Baba, Lars ni babu wa mama yake!

Anaandika kitabu cha ukoo wao. Nimekiona. Kina majina ya miaka mia tatu: nani alimwoa nani, nani alivuka kwenda Amerika, nani alikuja kwetu. Kwenye ukurasa wa mama yake, Gudrun, imeandikwa hivi: "Alizaliwa Kwalasi, 1941. Mama yake alifariki akijifungua. Alinyonyeshwa na mwanamke mwenyeji, jina halijulikani."

Nikamwambia jina linajulikana, huyo ni mama yake Bibi, ndivyo tulivyosimuliwa nyumbani. Akaniuliza ni nani. Nikafungua mdomo, sikuwa nalo. Baba, niliona aibu mbele ya yule mama. Yeye anamjua babu yake wa saba, mimi simjui mama wa bibi yangu.

Gudrun yu hai, yuko kwenye nyumba ya wazee huko kwao. Akili inamwondoka. Kinorwe kinamtoka, Kiswahili kinabaki, na wauguzi hawamwelewi. Mwalimu alinisikilizisha sauti yake aliyoirekodi ili nimfasirie. Sauti nyembamba ya kizee ilikuwa inasema, "Mwiteni Ndeshi, uji unapoa." Nililia. Huyo Ndeshi si ndiye Bibi wetu?

Mwalimu ana pia barua Bibi alizompelekea Gudrun zamani. Mwandiko ni wako, Baba, nimeutambua kwa hizo "g" zako. Anasema barua zilikwenda na kurudi miaka minne, kisha mwaka 1987 mama yake akaandika ya mwisho na haikujibiwa. Wakaamua kwamba watu wa Kwalasi wamewachukia.

Nisaidie mambo mawili. Muulize Bibi jina la mama yake. Na hiyo barua ya 1987, ilifika?

Mwanao,
Bertila


Kwalasi, 24 Machi 2024

Mwanangu Bertila,

Marahaba. Barua nimeipata na herufi zimeonekana vizuri. Huku mvua za masika zimeanza kwa adabu.

Habari za Wanorwe nimezisoma. Kwa kitabu cha mwalimu wako, mpe haya ambayo ni ya hakika. Walifika mwaka 1926. Walijaribu ngano, ikaliwa na ugonjwa wa kutu, ndipo wakageukia kahawa. Nyumba zao zilikuwa za mbao juu ya misingi ya mawe; imebaki moja, ndiyo ghala la mahindi la kijiji. Ardhi waliyogawiwa ilikuwa na wenyewe, na wenyewe wakawa vibarua juu ya viwanja vya baba zao. Hilo nalo aliandike, kama kitabu chake kina nafasi. Familia nyingi ziliondoka baada ya vita. Wa mwisho, Torvald baba yake Gudrun, aliondoka na binti yake mwaka 1962.

Ama barua ya 1987, posta ya miaka ile unaijua kwa kuhadithiwa. Vitu vingi vilipotea.

Bibi yako hali yake si nzuri sana siku hizi. Nisingependa kumchosha na mambo ya kale. Jina la mama yake lilikuwa Manka. Linatosha.

Shika masomo. Hukupelekwa China kutafuta wazungu.

Baba yako,
Mwl. Adrian Materu


Guangzhou, 7 Aprili 2024

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa nitakayoandika. Uliposema Bibi hali yake si nzuri nilishindwa kulala, nikampigia Jovin aende kumwona. Alimkuta shambani anapalilia maharage, anamtukana mbuzi wa jirani. Akampa simu.

Tuliongea muda mrefu. Nikamuuliza kama anamkumbuka Gudrun. Alicheka kwanza. Akasema, "Pacha wangu yule. Tulinyonya ziwa moja, mimi kulia yeye kushoto." Kisha akasema, "Alifariki, mjukuu wangu. Mwaka themanini na saba. Baba yako ndiye aliyenisomea barua."

Baba, sauti ya Gudrun nilikuwa nimeisikia wiki chache tu kabla ya hapo. Bibi akaendelea kunieleza alivyokaa matanga siku nne, akanyoa nywele, akamwomba padri amsomee misa ingawa Gudrun alikuwa Mlutheri, na padri akakubali. Mimi nikawa nasema "pole Bibi, pole," kama mjinga.

Ulisema barua haikufika. Bibi anasema uliisoma.

Sitaki kukuhukumu nikiwa mbali. Labda kulikuwa na barua nyingine, labda mtu alikosea. Niambie tu. Mwalimu Marit ameniuliza mara mbili kama nimepata habari, nami nimemwambia nasubiri.

Bertila


Kwalasi, 15 Aprili 2024
(Kwa mkono wa Muzdalifa)

Mwanangu,

Barua hii sikumpa Jovin. Ni mtoto mzuri, lakini hii si ya kupita machoni pake. Nimempa Muzdalifa, mke wa Burhani wa duka la viatu mjini, ambaye anakuja huko kununua mzigo. Amesema ndani ya wiki mbili utakuwa nayo.

Barua ilifika. Niliisoma. Sasa nakuambia, na wewe ndiye wa kwanza.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, mwalimu wa pili shuleni na katibu wa kijiji. Mama hakusoma shule. Barua za Gudrun nilimsomea mimi, na majibu niliyaandika mimi, neno kwa neno, kwa uaminifu. Kumi za kwanza hivyo. Mama alikuwa akiniambia, "Rudia hapo," nami narudia.

Mwaka ule nilikwenda kwenye msiba ukweni, nikakaa na mjomba Protas, akiwa amekunywa. Akaniambia, "Unajua mama yako alizaliwa pacha? Mwenzake aliitwa Eliakimu. Alikufa kwa njaa, maana maziwa ya mama yake alipewa mtoto wa bwana." Nikarudi nyumbani na maneno hayo kifuani. Kila mama aliposema "pacha wangu Gudrun", mimi nilimwona Eliakimu.

Wiki chache baadaye ikaja ya kumi na moja. Mama alikuwa anapukuchua mahindi. Nimeisoma mara nyingi hata naijua kwa moyo: "Dada Ndeshi, baba amefariki. Sasa hakuna wa kunizuia. Nataka kuja Kwalasi mwezi wa Desemba. Niandikie neno moja. Usiponijibu nitaelewa kwamba hutaki kuniona, wala sitakusumbua tena."

Mwanangu, sikupanga uongo. Nilisoma kwanza kimoyomoyo, likanitoka neno "amefariki". Mama akaruka. "Gudrun?"

Nikanyamaza. Akauliza tena. Nikainamisha kichwa.

Basi. Ndivyo ilivyokuwa. Mama akapiga yowe, majirani wakaja, na ningewezaje kusema mbele ya majirani? Nilijiambia nitasema kesho. Wakati ule watu walikuwa wananong'ona kwamba wazungu wanarudi kudai mashamba, na mimi nikiwa katibu ningeonekana nimewaleta. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Ya kweli ni Eliakimu. Nilitaka mtu mmoja wa ukoo ule aandike barua na asijibiwe.

Barua zote kumi na moja ninazo, kwenye bati la rejista za zamani za shule.

Usimwambie Bibi yako. Niachie mimi nimwambie kwa kinywa changu. Nipe mpaka Pentekoste, nitafute namna.

Baba yako


Guangzhou, 5 Mei 2024

Baba,

Shikamoo. Mwezi mzima hujaandika. Jovin anasema humpi chochote.

Gudrun amezidiwa. Haamki tena, wanamlisha kwa kijiko. Nililazimika kumweleza Mwalimu Marit kwamba Bibi anaamini Gudrun alikufa zamani. Hakukasirika. Alisema tu, "Kumbe hawakutuchukia." Halafu akaniomba kitu kimoja. Jumapili ijayo atakuwa kando ya mama yake, ameshakata tiketi. Anataka ampigie Bibi simu, wasikilizane sauti tu, hata dakika moja.

Jovin yuko tayari kwenda na simu. Sijamwambia Bibi neno. Nifanye nini? Nijibu upesi, Baba, hata mstari mmoja.

Bertila


Kwalasi, 8 Mei 2024

Mwanangu,

Barua yangu iko njiani na Muzdalifa. Alicheleweshewa viza. Usifanye lolote kabla hujaisoma. Nakuomba kama baba.

A. Materu


Guangzhou, 24 Mei 2024

Baba,

Leo asubuhi Muzdalifa alinipigia simu kutoka Zhanxi, kwenye soko la viatu, kwamba amefika na ana bahasha yangu. Nilimkuta anabishana bei ya viatu na bosi wa duka, kikokotoo mkononi. Akanipa bahasha bila kuacha kubishana. Nimeisomea palepale kwenye ngazi, mikokoteni ya mizigo ikipita na watu wakinifokea nisogee. Sikusogea.

Gudrun alifariki tarehe kumi na sita, siku nane kabla ya mimi kupata barua yako.

Ile Jumapili Mwalimu Marit alinipigia kutoka kitandani kwa mama yake. Akaniuliza, "Tupige?" Nikamjibu kwamba baba yangu ameniomba nisubiri. Nilikuwa sijui nasubiri nini. Nilikutii tu, kama nilivyokutii siku zote. Akasema sawa. Nikamsikia anasema kitu kwa Kinorwe kando ya simu, nadhani alikuwa anamweleza mama yake, ingawa mama yake hasikii. Kisha akakata.

Simu ya dakika moja, Baba. Jovin alikuwa tayari, chaji imejaa. Bibi alikuwa nyumbani.

Wewe ulinyamaza mwaka themanini na saba, mimi nimenyamaza mwaka huu. Ulichomwambia Bibi sasa ni kweli, huna tena cha kusahihisha ila tarehe.

Mwalimu amerudi jana. Leo mchana nilikwenda kumpa pole, nikamweleza mambo yote, na ya Eliakimu pia. Nilidhani atanifukuza. Alifunga mlango, akalia, akasema kwamba kama mtoto alikufa ili Gudrun aishi, basi ukoo wao umetembea miaka themanini juu ya kaburi wasilolijua. Anataka jina lake liingie kitabuni. Anataka Bibi aseme liandikwe vipi.

Mwambie. Usingoje namna.

Bertila


Kwalasi, 9 Juni 2024

Mwanangu,

Nimemwambia.

Ilikuwa Jumapili iliyopita, baada ya misa. Alikuwa ameketi mlangoni anachambua maharage kwenye ungo. Nikachukua kigoda, nikaketi mbele yake.

"Mama, Gudrun amefariki."

"Najua," akasema. "Toka mwaka themanini na saba."

"Hapana, mama. Amefariki mwezi uliopita."

Mikono yake iliendelea kuchambua. Ikatoa mawe mawili, ikayatupa. Kisha ikasimama.

"Alikuwa wapi miaka yote hiyo?"

"Kwao. Alikuwa anangoja jibu lako."

Nikamweleza yote. Hakupiga kelele, ningependa angepiga. Aliuliza barua ziko wapi, nikaleta bati. Nikaifungua ile ya kumi na moja nianze kumsomea. Nilifika kwenye "Dada Ndeshi". Akainua mkono.

"Acha. Sauti yako nimeiamini miaka arobaini. Niitie Nelly."

Nelly ni yule mwalimu wa chekechea, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Sasa anakuja kila siku akishatoka shule. Mama ameamua asomewe zote, kuanzia ya kwanza, hata zile kumi nilizosoma sawasawa, maana anasema hajui tena kipi kilikuwa cha Gudrun na kipi changu. Mimi siruhusiwi kuwa ndani. Nakaa kwenye benchi la nje. Masikio haya mabovu yananipa neno moja moja. Jana nilimsikia mama anacheka, halafu nikamsikia anasema, "Rudia hapo."

Nimekuwa mwalimu miaka thelathini na minane. Nimewafundisha watoto wa kijiji hiki kizima kusoma. Nilikuhimiza uandike badala ya kupiga simu, nikidhani kwenye karatasi mtu hupata nafasi ya kuwa mkweli. Sijui kwa nini nilijihesabu mimi miongoni mwa wakweli.

Ulinitii kwa sababu nilikulea unitii. Dakika ile ya simu si deni lako, ni langu.

Maneno ya Protas kuhusu Eliakimu nilimwambia, ila kumuuliza kama ni kweli sikuthubutu. Amesema atakuandikia mwenyewe.

Baba yako,
Adrian


Kwalasi, 20 Juni 2024

Mjukuu wangu Bertila,

Hujambo? Mimi sijambo, ila magoti. Barua hii naisema mimi, Nelly anaandika. Akimaliza nitampa Jovin anisomee, nione kama ni yaleyale niliyosema. Nelly asinune, siku hizi ndivyo ninavyofanya.

Barua zimekwisha, zote kumi na moja. Za kwanza zile baba yako alizisoma vizuri, nimezitambua. Ya mwisho nimeisikia mara sita.

Sasa mwambie huyo mwalimu wako aandike hivi. Mama yangu aliitwa Manka. Alijifungua pacha, mimi na Eliakimu. Eliakimu alikufa kwa homa tukiwa na wiki kumi na moja. Alizikwa nyuma ya nyumba, palipo na jiwe jeupe. Wakati ule huyo Gudrun alikuwa hajazaliwa. Mama maziwa yalimjaa, moja langu na moja lisilo na mtu, likavimba mpaka akatetemeka. Aliniambia mwenyewe: "Nilikamua maziwa kwenye shina la mgomba siku tisa. Siku ya kumi nikaletewa mdomo." Ndiye Gudrun. Mama yake alikufa alfajiri, saa nne mtoto alikuwa kifuani kwa mama yangu.

Hakuna mtoto aliyenyimwa. Protas alikuwa hata hajazaliwa, aliyaokota kwa walevi. Baba yako alikaa na neno hilo miaka thelathini na saba nami nikiwa chumba cha pili. Angeniuliza siku moja tu, wakati wa kula, ningemjibu.

Usiandike kwamba wazungu wale walikuwa wema. Mzee Lars hakulijua jina la mama yangu mpaka anakufa, alimwita Yaya tu, na alimfukuza baba yangu shambani kwa sababu ya ng'ombe mmoja kuingia kwenye kahawa. Hayo yaandikwe. Na iandikwe kwamba Gudrun alipoondoka alikuwa na miaka ishirini na moja, ameolewa na mtu asiyempenda, na alinishika mkono mpaka gari likaanza kutembea. Alikuwa mtu wangu.

Mwambie Marit nampa pole kwa mama yake. Nywele sikunyoa safari hii, zimebaki chache. Nimelipa misa. Padri mpya aliniuliza marehemu ni nani kwangu, nikamwambia ni pacha, akaandika "pacha" bila kuuliza zaidi. Marit akitaka kuja aje kabla ya mavuno ya kahawa, baadaye nyumba inajaa magunia.

Nawe usijitese kwa ile simu. Ulikuwa hujui. Lakini siku nyingine mkubwa akikuambia usubiri, muulize unasubiri nini.

Umeniuliza habari za baba yako. Anakula, chakula namwekea. Amekonda. Juzi alikuja akapiga magoti pale mlangoni, na umri ule, akaniuliza kama nimemsamehe. Nikamwambia ainuke, atapata baridi. Nikamwambia bado namlilia Gudrun, na machozi ya kwanza niliyamwaga bure kwa mtu aliye hai, haya ndiyo yake. Nikiyamaliza nitamwita baba yako.

Ni mimi bibi yako,
Ndeshi

(Alama ya kidole gumba)